Alama 34 kati ya 50

Shangazi yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini, miguu ameinyoosha, kanga kichwani. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba wa babu yetu mdogo, hapa Chang'ombe, Dodoma. Nikampita na birika la chai. Nikafika kwa wazee, nikamimina, nikarudi kwa njia ile ile, nikampita tena.

Ndipo nikaona wanawake wote wa mkeka ule wananitazama.

"Mimi mtu mzima nimemtangulia salamu," shangazi alikuwa akiwaambia, sasa kwa sauti ya juu. "Mbukwa. Kimya. Mbukwa. Kimya. Mtoto wa kaka yangu huyu ana nini?"

Nilipiga goti nikamwamkia, nikaomba radhi. Akaitikia marahaba huku ameangalia pembeni.

Usiku, tukiwa tunaosha vyombo, nilimwambia binamu yangu, bintiye shangazi huyo huyo, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulitamka kwa mdomo.

"Mimi nina usonji."

Aliendelea kusuuza vikombe. Kisha akaniuliza, wala si kwa ubaya: "Nani kakuambia?"

Sikumjibu. Swali hilo nimekaa nalo wiki sita, ofisini, kwenye daladala, kitandani, na ndilo lililonifanya niandike haya.

## Usiku wa maswali

Aliyeniambia ni simu yangu.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya msiba, chumbani kwangu Ipagala, usiku wa upepo ule wetu wa Julai unaogonga mabati mpaka usingizi unakata. Nilikuwa nimetazama video fupi za dada mmoja wa Uingereza akieleza namna alivyogundulika, akiwa mtu mzima, kuwa na usonji, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu apate taabu kuwasiliana na kuchangamana na wengine. Kila alichosema niliona ananisema mimi. Chini ya video aliweka dodoso la maswali 50.

Dodoso lile lina historia yake. Lilitungwa na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge, wakalichapisha mwaka 2001. Unasoma sentensi, unakubali au unakataa, na mwisho unapata alama kati ya 0 na 50. Ukifika 32 unahesabiwa kuwa na dalili nyingi.

Moja ya sentensi inauliza kama ungependelea kwenda maktaba kuliko sherehe. Nikakubali kwa nguvu zote. Nyingine inauliza kama huwa unaona namba za magari na vitu vya aina hiyo. Nilikuwa na miaka tisa pale stendi ya Mpwapwa na nilijua kwa kichwa namba za mabasi yote yaliyokuja Dodoma, na lipi lilibadilishwa dereva. Nyingine inasema kwamba katikati ya kundi la watu unaweza kufuata mazungumzo ya watu kadhaa kwa mara moja bila taabu. Hapo nilikataa mpaka nikacheka kwa uchungu, maana mimi watu wakizidi watatu nabaki kutabasamu na kutikisa kichwa, nikiomba mtu asiniulize chochote.

Nilipata 34.

Nililia, na yalikuwa machozi ya mtu aliyetua mzigo. Tangu sekondari nimeitwa majina: anaringa, anajisikia, hajichanganyi, huyu kiburi kitamponza. Kwenye harusi ya rafiki yangu niliondoka kabla ya keki, na hatukuzungumza tena hadi leo. Kwa kazi yangu ya takwimu mimi ni mtu wa kutegemewa; kikifika kikao nageuka kivuli. Miaka yote hiyo nilijua nina kasoro ya tabia. Usiku ule nikaambiwa si tabia, ni namna ubongo wangu ulivyoumbwa, na kwamba tupo wengi duniani.

Nikapiga picha ya skrini. Nikaihifadhi.

Kuanzia siku hiyo, kila nilipokosea mbele za watu, nilikuwa na maelezo. Sikuyatoa kwa mtu yeyote, nilijipa mwenyewe, na yalinitosha. Hata pale msibani, shangazi alipouliza "ana nini?", kichwani nilikuwa nimeshajibu.

## Nani kakuambia?

Mtu wa takwimu akiulizwa umejuaje, lazima arudi kwenye hesabu. Nilikuwa sijafanya hivyo kwa mwaka mzima, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi nikafanya. Katika utafiti ule wa 2001, kati ya watu ambao tayari walikuwa wamethibitishwa na madaktari, asilimia 80 walipata 32 au zaidi. Kati ya watu wa kawaida waliolinganishwa nao, ni asilimia 2 tu. Ukisoma hivyo unasema kipimo ni sahihi kabisa. Sasa chukua watu 1,000 pale stendi ya Nanenane, na tuchukulie kwamba mtu 1 kati ya 100 ana usonji. Wenye usonji ni 10, na wanane kati yao watavuka 32. Waliobaki ni 990, na asilimia 2 yao ni kama watu 20. Kwa hiyo waliovuka mstari ni 28, na wenye usonji kweli humo ni wanane. Hata watatu kati ya kumi hawafiki.

Ni kweli kwamba anayelitafuta dodoso usiku wa manane si mtu wa kuokotwa tu stendi. Tayari ana mashaka yake, na pengine mashaka yana msingi. Lakini watunzi wenyewe walisema wazi kwamba chombo chao si cha kuthibitisha ugonjwa. Mimi nilisoma alama, sikusoma maelezo.

Kuna jambo jingine nililolijua tangu chuo na nikalisahau liliponihusu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo yake. Akawaomba wayape alama, 0 hadi 5, kadiri yanavyowafaa. Wastani ulikuwa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, aliyoyachota kwenye kitabu cha unajimu. Una haja ya kupendwa na watu. Wakati mwingine unachangamka, wakati mwingine unajitenga. Nani atakataa?

Na video? Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walichambua video 100 zilizotazamwa sana TikTok kuhusu tatizo la kushindwa kutulia na kumakinika, wakakuta asilimia 52 zinapotosha. Hilo ni tatizo jingine na si usonji, lakini mlango nilioingilia mimi ni ule ule.

## Macho

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoanza kuona kwamba nilipimwa kwa kipimo ambacho hakikushonwa kwa mwili wangu.

Kila orodha ya dalili niliyoikuta mtandaoni ilitaja macho. Unashindwa kumtazama mtu machoni unapozungumza naye? Ndiyo, nilijibu kila mara, ndiyo. Lakini mimi nimelelewa Mpwapwa na bibi ambaye ukimkazia macho anapokuonya, adhabu inaongezeka. Mkwe humtazami. Mzee humtazami. Unapiga goti, unaangalia chini, unasikiliza. Msichana anayetazama watu wazima usoni moja kwa moja ndiye anayeulizwa amelelewa na nani. Katika hilo mimi nilikuwa mtoto hodari kijijini, na nikaja kuligeuza kuwa dalili.

Salamu nazo ziko hivyo, kwa upande wa pili. Zile orodha huzungumzia mazungumzo madogo madogo, ya hali ya hewa na kadhalika, kana kwamba ni kitu unachoweza kukiruka. Kwetu salamu hairukwi. Za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, ng'ombe, mvua imefika huko? Ukikatisha hapo, umemkatisha mtu mwenyewe. Mtu wa London mwenye taabu ya mazungumzo anaweza kupanda treni asubuhi, akafanya kazi, akarudi, na pasiwe na aliyeona. Mimi kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala nina mama muuza vitumbua, fundi baiskeli, mzee wa nyumba ya kona na wapangaji wenzangu watatu. Mtihani wangu unaanza saa kumi na mbili na nusu.

Kwa hiyo sisi tunaweza kuhesabiwa kuwa na tatizo ambalo hatuna, na pia tunaweza kuteseka na tatizo ambalo dodoso halikuwahi kuliuliza.

## Kwa nini sikwenda hospitali

Nawajua wasomaji watakaosema: si ungeenda hospitali tu?

Mimi naishi mji wenye Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Ipo tangu mwaka 1927, na kwa miaka yote hiyo jina lake limetumika nchi nzima kama tusi. Hata aliyezaliwa Bukoba na hajawahi kukanyaga Dodoma anajua maana ya kumwambia mwenzake "wewe wa Mirembe". Sisi tuliokulia huku tulitishwa nayo utotoni. Kuna watu wamepona pale, wamerudi makazini, wanalea watoto wao, na hawawezi kusema walitibiwa wapi. Jambo hili linaniumiza. Tunalaumu watu kwa kujipima kwenye simu, na huku mlango wa kupimwa tumeupaka matope kwa vinywa vyetu.

Na hata ukiushinda woga, madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno, na wenye uzoefu wa usonji kwa watu wazima ni wachache zaidi. Neno lenyewe tumezoea kulisikia kwa watoto. Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943, alieleza watoto 11, na wasichana walikuwa 3 tu. Wanawake wengi duniani wamezeeka bila mtu kuwauliza, kwa sababu walijifunza kuiga wenzao na kunyamaza vizuri. Kwa hiyo simlaumu dada anayekaa na simu usiku na kujipa jina. Mara nyingi hakuna mwingine wa kumpa.

Mimi nililaumu kitu kimoja tu: kwamba nilipolipata jina, niliacha kuuliza.

## Chumba chenye feni

Nilienda mwezi wa pili baada ya msiba. Sitaitaja hospitali. Nilivaa miwani ya jua na barakoa, nikakaa benchi la mwisho.

Daktari alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Nikamwonyesha picha ya skrini. Aliitazama kwa heshima, na ninamshukuru kwa hilo, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

"Dada, niambie siku moja tu. Siku ambayo mambo yaliharibika."

Nikamweleza ya mkeka na mwarobaini. Nikamweleza ya vikao, harusi, watu wakizidi watatu. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu kwa kelele. Katikati ya maelezo akasimama, akaenda kabatini nyuma yangu upande wa kushoto, nikaendelea kuongea. Aliporudi aliketi, akaniuliza:

"Nilipokuwa kule nimekuuliza swali. Umelisikia?"

Sikuwa nimesikia chochote.

"Shangazi alikuwa amekaa upande gani?"

Ilibidi nifumbe macho nione njia ile, birika mkononi, mwarobaini uko wapi. Kwenda, mkeka ulikuwa kushoto. Kurudi ulikuwa kulia, lakini kulia kwangu kulikuwa na vijana wanashusha viti vya plastiki kwenye gari, na kelele zake nazikumbuka.

Alinieleza kwamba hata mtoto anayeshukiwa kuwa na usonji hupimwa usikivu kwanza, kwa sababu asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Wiki iliyofuata nikavalishwa vipokea sauti masikioni ndani ya kijichumba, nikibonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Sikio la kulia halikuwa na tatizo. La kushoto halikusikia mpaka sauti ilipofika kama desibeli 45. Ngoma ya sikio ina tundu, la zamani.

Mtu mwenye sikio moja hafifu, mkiwa wawili chumbani kimya, anasikia kila kitu. Weka watu sita na sufuria zinagongana, hajui sauti imetoka wapi, na akishajua imeshapita. Anatabasamu. Anatikisa kichwa. Anachoka haraka kuliko wenzake na kutamani nyumbani. Watu wanasema anaringa.

Miaka 31, na hakuna aliyewahi kunipima.

## Nilichokipoteza

Nilidhani nitafurahi. Tundu la sikio ni kitu kinachoonekana, na linaweza hata kuzibwa kwa upasuaji. Badala yake nilirudi Ipagala nikajifungia siku mbili.

Nilikuwa nimefiwa na jina.

Kwa mwaka mzima nilikuwa na watu wangu, wenye maneno yao, wanaonielewa bila kuniona. Nilikuwa nimeirudia historia yangu yote na kuisamehe kwa neno lile. Sasa ningewaambia nini? Na nilimkasirikia daktari, ingawa hakuwa amesema kwamba sina usonji. Alichosema ni kwamba sikio linaeleza sehemu, na kwamba miaka ya kuchekwa inaweza kumjengea mtu woga wa watu ambao nao ni tatizo kamili, lenye jina lake na tiba yake. Na kwamba usonji huanza utotoni, kwa hiyo bila mtu aliyekulea hawezi kusema ndiyo wala hapana. "Nahitaji kuzungumza na mama," alisema.

Sikio halielezi namba za mabasi. Halielezi kwa nini kabla ya kupiga simu huandika kwenye karatasi nitakachosema, na kwa nini nikibadilishiwa meza ofisini siku nzima inaharibika. Saa nyingine nasema ni woga tu. Saa nyingine nasema nilikuwa sahihi tangu mwanzo na tundu hili limekuja kunichanganya. Vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtu mmoja, daktari alinikumbusha hilo, na ndilo jambo ninalolikubali kwa taabu kuliko yote.

Nimesoma pia hoja ya Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili: hata hao wengine hushindwa kuwasoma wenye usonji. Niliposoma nilimkumbuka shangazi. Yeye pia hakunisoma. Aliona kiburi mahali ambapo hapakuwa na kiburi, na katika wanawake tisa wa mkeka ule hakuna aliyesema labda hajasikia.

Lakini na mimi sikumsoma. Nilimwona mtu anayenidhalilisha. Sikuona mama mzima aliyefiwa na mdogo wa baba yake, akimwita mtoto wa kaka yake aje aketi naye.

## Simu ya Mpwapwa

Mama nilimpigia Jumapili. Sikuandika karatasi.

Nilimuuliza nilikuwa mtoto wa namna gani. Akasema nilikuwa na kelele, nilikuwa naimba mpaka majirani wananiita nikawaimbie. Kwamba nilinyamaza nikiwa darasa la tatu. Nikamuuliza kwa nini. Akakaa kimya kidogo, akasema ni ukubwa tu, watoto hubadilika.

"Na sikio, mama?"

"Sikio gani?"

"La kushoto."

Nilisikia anavuta kiti. Akasema ndiyo, lilitoa usaha masika yote ya darasa la pili, akaniwekea mafuta ya moto, likakauka. Baba alikuwa safarini. Nauli ya kuja hospitali haikuwepo. Kisha likapona lenyewe, akasema, lilipona kabisa, na alilirudia neno hilo mara tatu.

Sikumwambia kuhusu tundu. Na sijui kama mtoto mwenye kelele anayemkumbuka yeye ndiye niliyekuwa, au ndiye anayehitaji kumkumbuka sasa. Nilimwambia tu kwamba daktari ana maswali ya utoto wangu na angependa kuonana naye.

"Daktari wa nini?"

Nikamwambia. Wa akili.

Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Nikaihamishia vizuri sikio la kulia.

"Nitakuja Jumanne na basi la asubuhi," mama akasema. "Lakini shangazi yako asijue. Na hayo ya sikio, mwanangu, usiniulize mbele ya huyo daktari. Niulize tukiwa nyumbani."